Debe Lenye Msalaba

Nyinyi mnaonunua ndoo za plastiki kwa kuangalia rangi, nyekundu ya mama, bluu ya baba, hamjui raha ya kuchagua debe. Debe halichaguliwi kwa macho. Unaligeuza kichwa chini, unaligonga kitako kwa kifundo cha kidole, unasikiza. Debe zima linajibu "ngaa!" kama mtu aliyeitwa jina lake na hana kesi. Lenye kasoro linajibu "pu." Ukisikia hivyo usibishane na muuzaji, mrudishie uende zako.

Mimi nimefua bati miaka thelathini na kitu, mingi yake hapa soko la Kanyangi. Nimetengeneza koroboi, karai, majiko, gata za kukingia maji ya mvua paani na madebe ya kupimia nafaka. Mjukuu wangu mmoja aliniuliza juzi ni kazi gani nzuri kupita zote nilizowahi kufanya. Nikamwambia ni gata za kanisa. Akauliza, na mbaya kupita zote je? Nikamwambia chai imepoa, alete nyingine.

Lakini sasa nimezeeka na chai nimekunywa ya kutosha. Wacha niwaambie tu. Hizo kazi mbili nilipewa na mtu mmoja, wiki moja, na nilizifanya kwa nyundo moja.

Kazi nilifundishwa Kitui mjini, miaka ya sitini, na Fundi Abdalla. Babake alitoka Pwani kufanya biashara na ukoo wao ukabaki huku kwetu. Kiswahili cha Abdalla kilikuwa kinateleza, changu kilikuwa kinatembea na fimbo. Nikisema "Fundi, hii debe imevunjika," anashika kichwa. "Limetoboka, Wambua! Debe hili limetoboka! Bati halivunjiki, kwani ni chungu?" Mpaka leo siwezi kuona kitu kimetoboka bila kumsikia.

Kwa mikono alikuwa mpole zaidi. Alinionyesha kukata bati kwa mkasi bila kuacha meno. Alinionyesha kupinda ukingo kwa nyundo ya mti, si ya chuma, ili bati lisichoke. Chuma cha kulehemu unakiacha kwenye makaa mpaka ulimi wa moto uwe na kijani. Ukikitoa mapema lehemu haishiki, ukichelewa inaungua. Na asidi ya kusafishia bati, alisema, ipake kidogo na uiogope sana.

Vipimo alikuwa na sheria yake. Debe la kupimia nafaka hakuliachilia litoke kibandani kabla ya kulijaza maji na kulinganisha na lake la zamani. Akishamaliza anagonga, "Sikiza." Tunasikiza. Kama kuna mtu ametaka kipimo kipunguzwe, hata awe nani, Abdalla alikuwa anamwonyesha njia ya kutokea kwa mkono wenye nyundo.

Siku moja ya Ijumaa amevaa kanzu yake safi, anaelekea msikitini, akakutana mlangoni na mama aliyebeba koroboi aliyomuuzia. Inavuja mafuta. Mimi nikasema, "Fundi, nenda tu, mimi nitamwambia arudi baadaye." Abdalla akavua kofia akaketi, akawasha makaa upya. "Nitasimamaje pale mbele, Wambua," aliniambia, "na huku taa yangu inammwagia mtu mafuta?" Alichelewa, na kanzu ikapata doa. Mimi nilicheka. Nilikuwa kijana, niliona ni mambo ya wazee.

Nikahamia Kanyangi kuanza kazi yangu mwenyewe, nikiwa na mkasi alionipa Abdalla na suruali moja nzuri. Sasa hiyo suruali ndiyo iliniingiza kwenye maneno. Asidi haina haraka. Leo inakula kitambaa, na wewe huoni kitu mpaka siku nyingine. Jumapili moja nimepiga magoti kanisani, nikasikia huko nyuma kitu kimeachia, prrr! Nikajua nikisimama nimekwisha. Basi nikabaki chini, kichwa nimeinamisha, machozi ya aibu yananitoka, watu wanaimba, watu wanatoka, mimi bado niko pale. Mzee mmoja wa kanisa akasimama mlangoni akaniangalia kwa muda mrefu. Nikamsikia akimwambia mke wake, "Huyu kijana ana maombi sana."

Huyo alikuwa Mzee Ndeto. Alikuwa mzee wa kanisa, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, na mwenye duka kubwa la nafaka pale sokoni. Akikupimia mahindi alikuwa anasema "Bwana akubariki" kwa kila debe. Watu walitoka mbali kununua kwake kwa sababu ya hiyo baraka.

Jumamosi iliyofuata akaja kibandani kwangu mchana, debe kwapani.

"Bwana asifiwe, fundi."

"Amina, mzee. Karibu."

"Hii debe yangu ni kubwa sana."

"Mzee, debe ni debe. Zote ni sawa."

"Ndiyo maana nimekuja kwako," akasema.

Akakaa kwenye kigoda akanielezea taratibu, kama mtu anayefundisha watoto. Mahindi yananyauka. Panya wanakula. Magunia yanamwagika njiani. Mwenye duka anapoteza pande zote na hakuna anayemwonea huruma. "Mimi sitaki kuibia mtu," akasema. "Nataka tu debe nayo inihurumie kidogo." Akaweka vidole vitatu ndani ya debe, kwenye kitako, kunionyesha huruma yenyewe ni kiasi gani.

Kabla sijajibu akaongeza, "Na ile kazi ya mabati ya kanisa, paa na gata na tangi, kamati inakutana Jumatatu. Nimewaambia kuna kijana wa maombi."

Sasa nyinyi mnaosoma hapa mnajua Abdalla angefanya nini. Hata mimi nilijua. Lakini Abdalla alikuwa Kitui, na mimi nilikuwa nimeoa juzi, na kazi ya kanisa zima hakuna fundi wa rika langu alikuwa ameipata. Nikakata bati la pili, nikalipinda kando, nikalishusha ndani ya debe mpaka likakaa vidole vitatu juu ya kitako cha kweli. Nikaanza kulehemu. Ukiangalia kutoka juu huoni kitu. Kazi safi, Mungu anisamehe, nilijivunia.

Lehemu ikaanza kuniishia. Imebaki tone moja hivi, na upande mmoja kuna mwanya bado haujaziba, mdogo, wa kupitisha punje. Hapo mzee akakumbuka jambo. Dukani alikuwa na debe lingine linalofanana na hili kabisa, zima, la kununulia mahindi kwa wakulima. Hili la huruma lilikuwa la kuuzia. "Nitazijuaje? Niwekee alama."

"Mzee, lehemu imebaki ya kazi moja. Nizibe huu mwanya au niweke alama?"

"Weka alama."

"Gani?"

Akafikiria. "Weka msalaba. Hakuna mtu anauliza msalaba."

Nikaweka msalaba mdogo wa lehemu ubavuni, unaong'aa. Mwanya nikauacha. Jumatatu kamati ikakutana, nikapata kazi.

Na zile gata, jamani! Siku ya mvua ya kwanza maji yalikimbia kutoka paa lile mpaka kwenye tangi bila tone kuanguka nje, na watu wakasimama uani wakapiga makofi. Mimi nilisimama na wao. Nilikuwa nimefua kipande cha bati cha dhambi na paa zima la sifa, nikaona hesabu imekubali.

Shida ilikuwa dada yangu. Syombua ananifuata mimi kwa kuzaliwa, na tangu utotoni hajawahi kuniita jina. Ananiita "mwana wa mwaitu," mtoto wa mama yangu, vile Wakamba tunaitana tukipendana. Alifiwa na mume akarudi Kanyangi na watoto, na mahindi akawa ananunua kwa Mzee Ndeto, kwa sababu ya baraka.

Nilipita kwake jioni moja nikakuta kelele. Mwikali, msichana wake mkubwa, analia nyuma ya jiko.

"Ni nini?"

"Ni mwizi!" Syombua ana fimbo mkononi. "Mwana wa mwaitu, debe ya jirani, ya kutoka shambani kwake, inafika mwisho wa mwezi. Yangu haifiki. Nani anakula unga usiku kama si huyu? Watoto wengine hawafikii hiyo mtungi!"

Mtoto aliniangalia. Hakuniomba kitu. Aliangalia tu, kama mtu amechoka kusema ukweli. Nami nilijua huo unga uko wapi. Haukuwahi kuingia ile nyumba. Ulibaki dukani kila mwezi, vidole vitatu, chini ya kazi yangu safi.

Nikasema, "Wacha mtoto, Syombua. Watoto ni watoto." Basi. Hayo ndiyo maneno yote niliyopata, na mtoto akabaki mwizi. Niliona uchungu sana, lakini uchungu wangu haukumsaidia mtu.

Nikatafuta dawa. Kila Jumamosi nikaanza kumpelekea Syombua kikapu cha mbaazi. Sikukosa hata moja. Mwaka ukaisha, wa pili ukaisha. Hata moyo ukatulia kidogo. Sasa sikilizeni kilichotokea. Jumapili moja kwenye ushuhuda, Syombua akasimama mbele ya watu. "Bwana asifiwe! Nataka nimshukuru Mungu kwa ndugu yangu. Wengine wanaomba kwa mdomo, yeye anaomba kwa kikapu. Simama, mwana wa mwaitu, wakuone!" Mimi nikasimama, haki ya Mungu, nikasimama na nikapunga mkono! Watu wakapiga makofi. Aliyesema "Amina" kwa sauti kubwa kupita wote ni Mzee Ndeto.

Ndio maana mimi huwa simcheki mtu mnafiki. Ukimcheka utaulizwa kikapu chako kina nini.

Ikaja ile njaa ya miaka ya themanini, mnaisikia tu. Mbuzi walikuwa wanakula makaratasi. Mahindi meupe yakapotea, tukala ya njano kutoka ng'ambo, na kwa Mzee Ndeto watu wakawa wanapanga laini tangu asubuhi. Kanisa likatangaza siku ya kufunga na kuombea mvua. Kila mmoja alete nafaka kidogo, hata kikombe, ya kugawia wasio na kitu. Mzee Ndeto akatangaza yeye mwenyewe kwamba siku hiyo duka litafungwa kwa heshima ya Mungu mpaka saa kumi, na kwamba debe la kupimia sadaka litatoka kwake.

Tulijaa. Nje ya duka magunia matupu yalikuwa yamepangwa mstari kungoja saa kumi, wenyewe wako kanisani wanaomba. Mimi nilikuwa kwenye kwaya, sauti ya nne. Syombua ndiye kiongozi. Mwikali, sasa msichana mkubwa, yuko sauti ya kwanza.

Mke wa Mzee Ndeto, Mama Mwende, mtu mwema ambaye hakujua lolote la vidole vitatu, akaingia na debe kichwani. Akaliweka chini ya mimbari, akalizungusha vizuri ili upande mzuri uwatazame watu.

Nikaona msalaba.

Mzee Ndeto naye akauona. Alimwinamia mke wake, na kwa sababu kwaya inakaa pale karibu, nilisikia kila neno.

"Mama Mwende! Kwa nini umeleta hii? Si nilisema debe ya huko mlangoni?"

"Hii ina msalaba, Baba Mwende. Nikajua ndiyo ya kanisa."

Sasa angemwambia nini? Tukaangaliana, mimi na yeye, kwa mara ya kwanza tangu siku ile kibandani.

Mhubiri alikuwa mwinjilisti kijana kutoka Ikutha, mwembamba, amekuja kwa baiskeli na vumbi limemfika nyusi. Hakumjua mtu yeyote Kanyangi. Akafungua kwa nabii Amosi. Akasema huyu Amosi hakusomea unabii. Alikuwa mchunga mifugo na mtu wa kushughulikia matunda ya mkuyu. Nikajiambia, mkuyu hata sisi tunao hapa mtoni, huyu ni mtu wa kazi ya mikono. Nikatega sikio, na nilijuta.

"Mungu anamtuma aende kwa watu wanaojaza nyumba ya ibada," kijana akasema. "Waambie sikukuu zao zimenichosha. Nyimbo zao ni kelele, waniondolee. Kwa nini? Kwa sababu wanakaa ibadani wakiuliza itaisha saa ngapi wakafungue duka. Wanapunguza kipimo, wanamuuzia maskini, halafu wanakuja kunyoosha mikono hapa!"

Mzee Ndeto alikuwa ndiyo kwanza ameangalia saa yake. Akashusha mkono pole pole.

Mngeona kanisa! Kila mtu alikuwa anamtafutia jirani yake yale maneno. Muuza nyama akamgeukia mama wa maziwa. Mama wa maziwa akamgeukia fundi wa nguo. "Amina, hubiri!" wakasema wote, wakiwatazama wengine. Mimi nilitazama juu, nikakuta paa langu. Tulikuwa tumekaa chini ya lile debe wote, miaka hiyo yote, na hakuna aliyejua ila watu wawili.

Ikafika sadaka. Mzee Ndeto akasimama haraka. "Ndugu zangu, naona tupime tu kwa kikapu. Hii debe imechoka."

"Hapana, mzee!" watu wakasema. "Debe yako ndiyo tunaijua!"

Basi wakamimina. Vikombe, vibuyu, leso zilizofungwa fundo na punje chache ndani. Debe likijaa linamwagwa kwenye gunia, na mahindi yakimwagika yanapiga kelele zao, huwezi kusikia kingine. Ndivyo lilivyojificha dukani miaka yote. Likaisha kazi, likawekwa kando, tupu. Nikapumua.

Syombua akasimama kwa wimbo wa mwisho. Ngoma ya kanisa ilikuwa imepasuka ngozi kwa ule ukavu. Akatazama huku na huku. "Leteni hiyo debe," akasema, "ni ngoma pia."

Akaligeuza kichwa chini. Akalipiga. "Pu."

Akalipiga tena. "Pu." Na ndani, cheke-cheke-cheke.

Watu wakacheka. Mtoto mmoja akaanza kucheza. Syombua akadhani kuna mahindi yamesalia, akaligeuza, akachungulia. Safi. Akatia mkono akapapasa. Hakuna kitu. Akaligeuza tena akalitikisa karibu na sikio, cheke-cheke, kama kayamba. Kicheko kikafa benchi kwa benchi, kuanzia mbele kwenda nyuma.

"Hii debe imemeza nini?" mwinjilisti akauliza. Maskini, aliuliza tu.

Mzee Ndeto akasema, "Fundi wake yuko hapa. Aulizwe yeye."

Wakanigeukia wote. Fundi wa bati Kanyangi alikuwa mmoja. Ningeweza kusema ni panya, au debe limezeeka. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, nimeyafanyia mazoezi miaka. Halafu nikakumbuka ile koroboi inayovuja, na Abdalla amevua kofia.

"Nipeni nafasi nichukue mkasi," nikasema.

Kibanda changu kilikuwa ng'ambo ya barabara. Siwafichi, nikiwa pale nimeshika mkasi nilifikiria kupitiliza moja kwa moja mpaka Ikutha. Baiskeli ya mwinjilisti ilikuwa hapo nje haijafungwa. Lakini nikarudi. Nikaketi chini mbele ya mimbari, nikakata ubavu wa debe, nikavuta kitako changu cha juu kikatoka kizima. Chini yake kulikuwa na punje. Hazikuwa nyingi, kiganja kimoja tu. Nyingine nyeupe, kuukuu, zimetobolewa na fukusi. Nyingine za njano, za njaa ile ile tuliyokuwa tunafungia.

Syombua akapiga magoti karibu yangu. Akaokota moja ya njano, akaniangalia.

"Hii bati ya ndani, nani aliweka?"

"Ni mimi."

"Lini?"

"Kabla ya gata."

Nilimwona akihesabu nyuma, mwaka kwa mwaka, mpaka akafika ile jioni ya fimbo. Uso wake ukabadilika.

"Siku ile nachapa Mwikali," akasema. "Ulisimama pale kwa mlango. Ulijua?"

"Nilijua."

Hakunipigia kelele. Afadhali angenipigia. Alisimama, akamwita msichana kutoka kwenye kwaya, akamshika mikono miwili mbele ya kanisa zima. "Mwanangu, nisamehe. Hukuiba. Hukuwahi kuiba." Mwikali akalia kwa sauti kama mtoto mdogo, na akina mama wakalia naye.

Mzee Ndeto akainua mikono. "Tuombe," akasema.

Hakuna mtu alifumba macho. Mimi nimekaa makanisani maisha yangu yote, na hiyo ndiyo siku moja tu nimeona kanisa zima limekataa kufumba macho. Mzee alibaki na mikono juu, macho yote yanamtazama. Mwisho akaishusha. Akamwambia mke wake kwa sauti ndogo, "Lete ile ya mlangoni." Wakaenda kufungua duka kabla ya saa kumi, na siku hiyo watu walipimiwa kwa debe la wakulima. Baraka hakusema.

Mvua ilikuja ilipokuja. Wengine husema ni maombi yale, wengine husema ni debe lile. Mimi nilikuwa nimeondolewa kwenye kwaya, nikakaa benchi la nyuma, na mwenzangu kwenye benchi hilo alikuwa Mzee Ndeto. Tulikaa hapo miaka. Alianza kuimba kwa sauti ya chini, na sijui moyo wake ulikuwaje, hilo nimwachie mwenyewe. Moyo wangu naujua. Ulichukua muda mrefu kunyooka kuliko bati.

Nilipanda mpaka Kitui kumwambia Fundi Abdalla. Alikuwa mzee sana, macho yamefifia. Akanisikiliza mpaka mwisho, mimi nangoja kufukuzwa. Akauliza jambo moja tu.

"Ulilehemu pande zote?"

"Hapana, Fundi. Niliacha mwanya."

Akacheka mpaka akakohoa, nikampigapiga mgongo. "Alhamdulillahi," akasema akijifuta machozi. "Maisha yangu yote, sijapata kushukuru kwa kazi mbovu ya mwanafunzi. Leo nashukuru." Halafu akaacha kucheka. "Sasa nenda kawafulie watu vipimo, Wambua. Vya kweli. Na ujaze maji mbele yao, waone."

Nikafanya hivyo. Kila mama anayeuza au kununua nafaka pale Kanyangi alipata kipimo kutoka kwangu bila malipo, na niliwajazia maji mbele ya macho yao. Syombua alikuwa anapita kibandani, anagonga kimoja kimoja, anasikiza, anaondoka. Kikapu cha mbaazi nilichompelekea Jumamosi ya kwanza alikirudisha kama kilivyo. "Hii ni ya kunipenda ama ya kuninyamazisha?" aliniuliza. Na hakupokea kingine. Jina langu likawa "fundi." Habari ya asubuhi, fundi. Pole na kazi, fundi. Msibani, harusini, hata siku ya kumwoza Mwikali, fundi. Huwezi kujua neno zuri kama hilo linauma vipi mpaka uitwe na dada yako.

Plastiki ikaja miaka ya tisini, kazi ikapungua, mikono nayo ikaanza kutetemeka. Nikaamua kufunga kibanda. Debe la mwisho nililifua kwa siku tatu, kazi ambayo zamani ningeifanya asubuhi moja. Lehemu nilinunua ya kupita kiasi. Alama sikuweka. Nikalibeba mwenyewe mpaka kwa Syombua.

Alikuwa amekaa mlangoni anachambua mboga. Hakuniambia karibu. Akalipokea, akaligeuza kichwa chini, akaligonga kwa kifundo.

"Ngaa!"

Akalipeleka karibu na sikio akalitikisa, mara ya kwanza, mara ya pili. Kimya. Akaingia nalo ndani, nikasikia maji yanamiminwa, mengi. Mimi nimesimama juani kama mtu anangoja hukumu. Akatoka akiwa na mikono iliyolowa, akaniangalia kutoka kichwani mpaka miguuni. Nililia pale pale, na sioni aibu kuwaandikia hivyo.

"Ingia, mwana wa mwaitu," akasema. "Na upanguse miguu, nimefagia."